Eti Kidogo

Daktari alisema ni kiharusi kidogo. Hilo neno "kidogo" ninalitafuna tangu Februari na bado halijalainika. Hapa Kahama nauza moko, nyundo, kamba na tochi za kichwani kwa wachimbaji. Nikimwambia mteja bei imepanda kidogo, ananitukana. Lakini donge la damu likiziba mshipa wa ubongo wangu, natakiwa nishukuru kwa kuwa lilikuwa dogo.

Lilinikuta nakunywa chai. Kikombe kikaniponyoka mkono wa kushoto, nikataka kusema "shika", kinywani ikatoka sauti ya mlevi wa gongo. Jirani yangu, mlokole, akaanza kunihubiria. Baada ya dakika 40 maneno yakanyooka. Mkono ulinidai siku mbili. Nikapewa asprini, vidonge vya presha na onyo kuhusu chumvi, nikaambiwa nenda nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa.

Naogopa sana, jamani. Usiku mguu ukifa ganzi kwa kuulalia, naamsha nyumba nzima. Saa nane za usiku utanikuta mbele ya kioo nikicheka peke yangu, naangalia kama mdomo umekwenda upande. Mwanangu alinifuma siku moja, akaniuliza kama dhahabu imepanda.

Mke wangu, Mama Kulwa, naye amejiteua mkaguzi. Asubuhi, kabla hata ya salamu ya mwangaluka: "Baba Kulwa, cheka. Inua mikono yote miwili. Taja watoto." Wiki iliyopita nilimwita Doto kwa jina la Kulwa. Ikaitwa bodaboda, tukafika zahanati mimi sina viatu. Wale ni mapacha! Nawachanganya tangu walipozaliwa.

Wageni ndio usiseme. Mmoja anadai ni upepo mbaya, mwingine ananong'ona eti nifikirie nani analionea duka wivu. Na wote, wakishashiba, huishia mgodi wa Nyangarata: wale wachimbaji watano waliotolewa hai Novemba 2015, hukuhuku Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi wakila mizizi na mende. "Wewe dakika 40 tu, unalalamika nini?"

Mimi sishindani nao. Ila kuna mwanaapolo mmoja, mchimbaji mdogo na mteja wangu wa zamani, aliyefukiwa na kifusi nusu saa, akatoka hana hata mkwaruzo. Leo anauza maandazi. Wenzake wamemwonyesha duara jipya la kuchimbia, matimba ya kuzuia kifusi mazima, yamepangwa vizuri. Anayatazama, anakubali ni mazima, hashuki. Na sijasikia mtu akimwambia kwamba alifukiwa kidogo.

Mpwa wangu, tabibu kule Katoro, ndiye aliyeniambia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliandika mwaka 2013 kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne waliopata kiharusi, hata kile cha kupita tu, hupata, ndani ya mwaka wa kwanza, kiwewe kama cha waliotoka vitani. Akaongeza kwamba wenye kiwewe hicho ndio huruka dawa zaidi, pengine kwa sababu kidonge kinawakumbusha. Hapo nikanyamaza. Alijuaje kwamba asprini zangu za Machi ziko ndani ya buti namba 9, rafu ya juu? Ile asprini huniangalia kama askari anayejua kosa langu. Siku hizi namezea mbele ya Mama Kulwa, kisha naachama akague mpaka chini ya ulimi.

Basi, wateja wangu, mkiingia dukani msinitazame mdomo. Niulizeni nalala vipi. Na wewe uliyechukua moko mbili kwa mkopo wiki ile ya kiharusi, ukidhani sitakumbuka: nakumbuka.