Dirisha la Kanopi Limevunjika: Warithi Tisa, Kuanzia Aibu Hadi Ubingwa

Kule Marekani kanopi ya pikapu ni nyumba. Watu hulala humo, hupika humo, na wengine wamehamia jumla wakaacha kulipa kodi ya pango. Huku kwetu ile faiba iliyokaa mgongoni mwa Hilux hubeba saruji, mbwa, jenereta na kreti za soda za harusi. Matumizi ni tofauti, msiba ni uleule: siku dirisha la ubavuni linapovunjika, kila mtu anageuka mtaalamu wa vioo. Jirani ana shauri. Shemeji ana shauri. Mlinzi wa geti ana mawili.

Basi nami nina tisa. Nimeyapanga kwa vigezo vinne: vumbi, mtikisiko, jua, mwizi. Kwa mpangilio huohuo, tafadhali. Najua wengi mngeanza na mwizi, na hapo ndipo tunapokosana. Mwizi huja siku moja. Vumbi huja kila siku, na nyuma yake huja mtu mwenye kitambaa kikavu anayelisugua kwa bidii zote. Asiyekubali akunje mikono ya shati, tunaanzia mkiani.

9. Kioo cha dirisha la sebuleni

Kukiangalia kinavyokatwa ni burudani. Fundi analaza rula, anapitisha kalamu ya almasi mara moja tu, kile kisauti cha kukwaruza kinakupanda menoni, halafu anagonga kwa chini: tak! Kimeachana kwa mstari ulionyooka. Bei nafuu, kazi ya dakika tano, unaondoka umefurahi.

Shida ni kwamba kikipigwa barabarani kinaachana kwa urahisi uleule, ila safari hii hakuna rula. Vinatoka vipande virefu vyenye ncha, na vinaelekea vinakotaka. Kioo hiki kilitengenezwa kikae ukutani, na ukuta hausafiri kwenda Loiyangalani, kule kaskazini mwa Kenya.

Utauliza, inakuwaje nimekiweka chini ya nailoni? Kwa sababu nailoni haijawahi kumkata mtu shingo.

Hukumu: kirudishwe nyumbani, pazia linakisubiri.

8. Nailoni na selotepu

"Ni ya leo tu, bosi." Sentensi hiyo ina Hilux zake zilizopita nayo masika mawili. Gari likishika mwendo kidogo nailoni inaanza kupiga makofi, ukikanyaga zaidi inashangilia, na redio huisikii tena. Zamani ungechana mfuko wa Rambo ukazibia, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, kwa hiyo hata uzembe siku hizi una gharama.

Hukumu: inaruhusiwa kutoka eneo la tukio hadi gereji. Gereji ya kwanza, si ile ya binamu yako iliyoko mkoa mwingine.

7. Polikaboneti ya mapaa, ile yenye mifereji ndani

Nyepesi, inapunguza joto, inapitisha mwanga mzuri. Inapitisha mwanga tu. Ukitazama kupitia humo huwezi kujua kama kinachokufuata ni basi au mlima. Ncha zake zikiachwa wazi vumbi huingia kwenye mifereji, unyevu hulifuata, na baada ya muda unakuwa na bustani ya ukungu wa kijani isiyofikika kwa brashi yoyote.

Hukumu: nyanya zitaipenda.

6. Plastiki ya bajaji

Ile PVC laini inayoshonewa kwenye turubai ili abiria asilowe. Msicheke haraka. Haivunjiki, inakunjwa, haina uzito, na fundi yeyote wa maturubai mwenye cherehani ya nguvu anakutengenezea mchana mmoja. Kwa kanopi ya turubai yenye fremu ya bomba, hii ndiyo inayofaa, na hapo sibishani.

Ila ulaini wake ni wa kuazima. Ndani ya PVC hiyo kuna kemikali za kuilainisha, na jua huzitoa pole pole hadi plastiki inakuwa ngumu, ya njano, kisha inakatika palepale ulipozoea kuikunja. Kuhusu ulinzi, mwizi anahitaji wembe. Nyani wa Mikumi, pale barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapokatiza hifadhini, hata wembe hawahitaji.

Hukumu: usafiri wa mjini, ndizi zikae mbele.

5. Akriliki, yaani Perspex

Naona wenye Perspex wameshasimama. Kaeni, nitawasifu kwanza.

Hiki ni kifaa chenye historia kuliko gari lako. Kilianza kuuzwa miaka ya 1930, na vita vikuu vya pili vilipokuja kikafunika vichwa vya marubani wa Spitfire. Daktari wa macho wa Kiingereza, Harold Ridley, akagundua kwamba marubani walioingiwa na vipande vyake machoni hawakupata uvimbe aliotegemea. Mwili ulikuwa umevivumilia. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Kwa hiyo ukiambiwa Perspex ni plastiki tu, jibu kwa heshima ya wazee waliofanyiwa upasuaji huo.

Inapitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Uzito wake haufiki nusu ya kioo cha ukubwa uleule. Jua haliifanyi njano upesi. Na dirisha lako likiwa na mpindo, akriliki inapashwa moto ikalegea, ikapindwa kufuata umbo. Wapinzani wake wengi hapa kwenye orodha hawawezi hilo.

Sasa mbona ya tano? Kwa sababu ya skrubu. Akriliki hutanuka kwa joto kuliko kioo mara saba au nane: bamba la mita moja likipanda nyuzi 30 linarefuka milimita 2 hivi, wakati kioo hakifikishi hata theluthi ya milimita. Tundu linatakiwa liwe pana kuliko skrubu ili bamba lipumue. Fundi wako anatoboa tundu la kubana sawasawa, tena kwa keekee ya chuma iliyochongwa kuuma, anakaza mpaka mshipa wa shingo unatokeza, halafu anafuta mikono: "Bosi, hii itakaa!"

Itakaa hadi barabara ya vumbi yenye mawimbi. Chungulia pembeni mwa skrubu jua likiwa upande: utaona mstari mwembamba unaong'aa, urefu wa kucha. Safari inayofuata mstari umefika katikati ya dirisha na una matawi. Mtu akiongeza kufuta uchafu kwa petroli au spiriti, nyufa ndogo ndogo zinaenea uso mzima na dirisha linaonekana limezeeka kwa huzuni.

Hukumu: si kosa lake, lakini siwezi kumpa ubingwa mchezaji anayehitaji fundi mvumilivu.

4. Bati

Ndiyo. Bamba la alumini, riveti kuzunguka, silikoni, kwisha. Dirisha lisilo dirisha limewashinda madirisha matano, na sitaki rufaa. Vumbi haliwezi kulikwaruza likapoteza kitu kwa kuwa hakuna cha kupoteza. Jua halilifanyi kitu. Mwizi haoni kama ndani kuna kompyuta au kuna mahindi, na kutojua ni kinga nzuri kuliko kufuli nyingi nilizowahi kuziona. Mwenye plaiwudi naye ajisikie yumo humu, ila akae kwenye benchi hadi mvua iishe.

Angalizo la kwanza: usizibe dirisha la mbele la kanopi, lile linalotazamana na kioo cha nyuma cha kabini. Kioo chako cha kati cha kutazamia nyuma kitabaki kukuonyesha paji lako la uso.

Angalizo la pili halina utani. Wenye kanopi za bati husikia joto, basi hufungua mlango wa nyuma ili "hewa iingie" huku gari linakwenda. Gari likitembea, nyuma yake hewa huzunguka na kuvuta moshi wa ekzosi kuuingiza ndani ya kanopi. Humo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia tu. Asikae mtu humo wala mbwa.

Hukumu: mtu mzima asiyependa maneno mengi.

3. Polikaboneti ngumu

Hapa ndipo nitakapopoteza marafiki. Duka lolote linalouza bamba hili lina nyundo karibu. Muuzaji anapiga. Anakupa upige. Haivunjiki, unacheka, unatoa pesa. Kweli, kwa kipigo inashinda kioo cha kawaida mara mamia, na kofia za wanaanga wa Apollo zilitengenezwa nayo. Hata kuzaliwa kwake kulikuwa na kishindo: mwaka 1953 Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, waliigundua kila mmoja kivyake, halafu mabwana wakubwa wakabaki kuulizana nani mwenye mali. Inapindika hata bila moto, mradi mpindo usiwe mkali: nusu kipenyo kisipungue kama mara 100 ya unene wake.

Lakini wewe na nyundo mlikutana mara moja, dukani. Na kitambaa kikavu mtakutana kila asubuhi. Uso wake ni laini. Vumbi la Dodoma likisuguliwa juu yake linaandika, na halifutiki. Isiyo na tabaka la kuzuia miale ya jua huwa njano. Yenye tabaka hilo huja na karatasi ya kinga iliyoandikwa upande upi utazame nje, na fundi huibandua karatasi hiyo kabla mtu yeyote hajaisoma. Ukibandika kwa silikoni inayonuka siki, asidi yake inaweza kuishambulia. Tafuta ile isiyo na harufu hiyo. Ukisafisha kwa dawa ya vioo yenye amonia, umeisaidia kuzeeka.

Nunua yenye uso uliokazwa dhidi ya mikwaruzo, osha kwa maji mengi na sabuni kabla ya kugusa, na tutaelewana.

Hukumu: haivunjiki kamwe. Utakuwa na muda mrefu sana wa kutoona kitu kupitia humo.

2. Kioo laminati

Vioo viwili na utando wa plastiki katikati, kama cha mbele ya gari. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara, ikapasuka lakini vipande havikutawanyika: ndani mlikuwa mmekauka utando wa nitrati ya selulosi. Mwaka 1909 akakata hataza.

Utamu wake kwetu ni kwamba hakihitaji tanuri. Fundi vioo mzuri anakikata mtaani: anachora pande zote mbili, anavunja, halafu anaukata ule utando kwa wembe. Dirisha bapa, lisilofunguka, lililovunjika Jumatatu, linapona Jumatano. Kikipigwa jiwe kinapata nyufa kama utando wa buibui na kubaki mahali pake. Mwizi lazima ahangaike, tena kwa kelele.

Kinapungukiwa nini? Uzito. Cha milimita 6 kina kilo 15 hivi kwa mita ya mraba, na ukikiweka kwenye mlango wa nyuma unaonyanyuka, zile shokomzoba ndogo za kuushikilia zitaanza kukushushia mlango kisogoni. Pia maji yakikaa ukingoni, tabaka huanza kuachana na ukungu mweupe unatambaa kuelekea katikati.

Hukumu: makamu bingwa anayestahili kombe Jumatatu hadi Jumatano.

1. Kioo cha tempa

Kioo cha kawaida kinapashwa moto kupita nyuzi 600, kisha kinapulizwa hewa kwa ghafla. Uso unapoa kwanza na kubana, moyo unapoa baadaye na kuvuta, na kwa ugomvi huo wa ndani kinakuwa na nguvu mara nne hivi ya kile cha namba 9. Kikishindwa kabisa kinamwagika kokoto ndogo zisizo na ncha ndefu. Vumbi? Lazima lifanye kazi ya ziada. Petroli, spiriti, amonia: pangusa tu.

Masharti yake ni machache ila hayana msamaha. Pima kwa kukata kielelezo cha hadibodi, kitumbukize kwenye fremu, acha milimita kama 3 kuzunguka kwa ajili ya raba. Kata kioo. Toboa matundu ya bawaba na kufuli. *Halafu* ndipo kiende tanuri. Kikishatoka humo hakuna "tutapunguza kidogo, bosi." Fundi akigusa ukingo kwa jiwe la kusagia, kioo chote kinageuka kokoto mbele yake, kwa sekunde moja, na mtabaki mkitazamana. Ukinunua kilichotoka gari jingine, soma pembeni kabisa: herufi E ndani ya duara na 43R ni alama ya kiwango cha Ulaya cha vioo vya magari.

Kama dirisha lako lina mpindo na la asili halipatikani, haya, rudi namba 5 ukamwombe Perspex radhi, na ubebe keekee butu.

Hukumu: bingwa. Mwenye Land Cruiser ya bati aliyenyoosha mkono huko nyuma ashushe, tulishampa ya nne na bado hatosheki. Wa polikaboneti nitawasikiliza, mkija na bamba lililomaliza mwaka mzima Dodoma. Nyundo acheni dukani.