Faida Tatu za Kahawa

Mwalimu karudi. Alipotea mtaani tangu katikati ya Desemba, Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na mkewe akiulizwa anajibu "yuko kazini" kwa sauti ya mtu asiyetaka swali la pili. Jumamosi hii kaibuka kijiweni Tandika, kakonda kidogo, kidole cha kati kina sugu ya kalamu. Kwa bahati mbaya karudi wiki ambayo matokeo ya kidato cha nne yametoka, na mdogo wa Bodaboda kapata divisheni foo ya pointi 28.

"Shikamoo, Ticha," alianza Bodaboda, shikamoo yenyewe ina miba. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Marahaba. Nilikwenda kusahihisha."

Kijiwe kizima kiligeuka. Mzee Kahawa aliacha kumimina.

"Kumbe ni wewe uliyemfelisha dogo!"

"Kwanza foo hajafeli. Ziro inaanzia pointi 34. Pili, jina lake ningelionea wapi? Kwenye karatasi kuna namba ya mtahiniwa tu. Awe mtoto wa waziri, awe mtoto wa mchuuzi, mimi naona namba. Na hata ningemjua, peke yangu nisingemuweza. Mimi nilikuwa swali la sita."

"Binadamu anakuwaje swali?" aliuliza Mama Ntilie huku akigeuza chapati.

"Kila timu na swali lake, mama. Karatasi inatembea, wa la kwanza anamaliza anampa wa la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukishasahihisha unaandika alama kwenye jedwali la mbele na saini yako fupi pembeni, ili kukiharibika ujulikane. Tangu nimefika mpaka naondoka nimesoma la sita tu. Nikilala naota la sita."

"Kama mimi na wasichana wangu. Mmoja ugali, mmoja mboga, mimi napokea hela."

"Na kule hela anapokea nani?" Bodaboda hakukubali kupitwa. "Posho shilingi ngapi?"

Mwalimu alikohoa, akaomba kikombe kingine. Nimemjua mtu huyu miaka mingi. Maswali mengine yote hujibu na mifano juu.

"Angalau mnalala hotelini," alisema Fundi Simu.

"Hotelini! Tunalala mabweni ya wanafunzi. Mtu mzima ana wajukuu, kapangiwa deka ya juu. Akishuka usiku kwenda msalani, bweni zima lina habari."

Mzee Mstaafu, ambaye miaka yote ya reli haikumfundisha kunyamaza, akakunja gazeti. "Mnajikuza bure. Jibu sahihi vema, kosa mkasi. Hata mimi naweza."

Ni kama Mwalimu alikuwa akimsubiri. Alichomoa kalamu nyekundu, akachana karatasi ya kufungia maandazi, akaandika swali: *Taja faida tatu za kahawa. Alama 6.* Akampa Fundi Simu afanye mtihani. Fundi alijikuna, akachungulia birika kana kwamba majibu yamo ndani, akaandika:

1. Inaondoa usingizi.
2. Inaleta marafiki.
3. Ukiinywa hausinzii ovyo.

"Haya, sahihisheni. Kila mtu kivyake, msichunguliane."

Mzee Kahawa alitoa sita kabla hajafika namba tatu. "Kijana ana akili sana huyu." Bodaboda alitoa nne, namba mbili aliikata kwa kuwa marafiki wa kahawani wanakopa hawalipi. Mama Ntilie akatoa mbili bila maelezo. Mzee Mstaafu aliisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, kisha akachora yai. "Mwandiko gani huu? Kuku kapita hapa."

"Mmeona?" Mwalimu alizishika alama zile kama ushahidi mahakamani. "Mtoto mmoja, karatasi moja: sita, nne, mbili, ziro. Sasa kule hugusi rundo kabla ya kukaa na mwongozo. Wote mnasahihisha kwanza karatasi zile zile za mfano, mnalinganisha. Wenzako wametoa mbili wewe sita, utaeleza ulichokiona. Hapa namba moja na namba tatu ni hoja ile ile, kaibadilisha nguo tu. Inalipwa mara moja. Na mwandiko, mzee wangu, swali halikuuliza mwandiko."

"Na marafiki?" Fundi alikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Ah, marafiki! Marafiki watagombaniwa mpaka chai ya saa nne ipoe. Wakikubaliwa, kila aliyeandika marafiki nchi nzima anapata mbili zake. Wakikataliwa, wamekataliwa, hata kama moyo unakuuma."

"Umewahi kuumwa?"

"Mtoto mmoja kaandika maelezo matamu, nikacheka peke yangu ukumbini. Ila hakujibu swali. Nikampa ziro. Karatasi iliyofuata imekariri notisi za tusheni, neno kwa neno. Nikaipa zote."

Hapo mimi, mwandishi wenu, sikuridhika, na nilimwambia. Akasema hata yeye hakuridhika, ila siku kila msahihishaji atakapolipia kicheko chake, wanaojua kuchekesha ndio watakaofaulu Fizikia. Ubaya mwingine, alisema, ni mpangilio wa rundo. Ukishika karatasi nzuri mfululizo, ya kawaida ikifuata unaiona takataka. Ukitoka kwenye takataka, ya kawaida inang'aa. Kwa hiyo kiongozi wa timu hupita nyuma yako, akachomoa chache na kuzipima upya.

"Basi wapeni mashine," alisema Fundi Simu. "Marekani kompyuta ilianza kusahihisha insha za GMAT mwaka 1999."

"Ikisaidiana na binadamu, usiruke hilo. Hata hapa darasa la saba tangu 2012 wanatia kivuli, mashine inasoma. Lakini mashine ya kivuli uipe insha ya 'Siku Nisiyoisahau', itakwambia nini?"

Mwaka ule ulimwamsha Mzee Mstaafu. "2012 hiyo hiyo! Kidato cha nne zaidi ya nusu wakapata ziro. Watu wakalia. Halafu Mei 2013 mnatuletea matokeo mengine. Mlisahihisha mara ya pili?"

"Hapana, mzee. Karatasi hazikuguswa. Kilichorudiwa ni kupanga alama kwenye madaraja."

"Yaani kalamu haikugusa mtu, na aliyefeli akafaulu?"

"Baadhi yao."

Mzee Mstaafu alifungua gazeti tena, safari hii kwa ajili ya kujificha. Hakuna aliyemcheka. Hapo hata Mwalimu hakuwa na la kuongeza, na kwa maoni yangu mwongozo mzuri kuliko wote hausaidii kitu kama mpaka wa daraja unahamishwa baada ya mechi.

"Na wanaochora?" Mama Ntilie alitaka kupoza mambo.

"Wachezaji mpira, mistari ya bongo fleva, vyote tumeviona. Matusi pia. Mtihani wa 2022 wapo waliofutiwa matokeo kwa matusi."

Bodaboda alikuwa amelainika. "Ticha, kwa hiyo dogo ndiyo basi?"

"Akiona kaonewa, akate rufaa Baraza la Mitihani. Ila rufaa inalipiwa."

"Kumbe hata kulalamika kuna nauli!"

Jua lilishapanda, watu wakaanza kunyanyuka. Mzee Kahawa akafungua daftari lake la madeni. "Fundi, vikombe vitatu."

"Viwili," alijibu Fundi Simu, kalamu nyekundu bado iko sikioni. "Cha tatu kilikuwa kile kile cha kwanza. Hoja imejirudia, inalipwa mara moja."

Mzee Kahawa akaandika tatu, akatia saini yake fupi pembeni.

"Kata rufaa," alisema. "Ila inalipiwa."