Koki ya Tangi

Koki ya tangi letu ilikatika Jumapili jioni, mama akiwa jikoni anapepeta muthokoi. Plastiki ililia pwaa, kisha tukasikia maji. Na hapa Malili mvua ikigoma, maji hununuliwa kwa mtungi. Yale yalikuwa ya mvua ya Novemba. Mama alitoka na ungo mkononi akamkuta mpwa wangu ameziba tundu kwa kiganja, maji yanamchuruzika kiwikoni, gongo lake la hoki limelala topeni.

"Susu, usije huku, utateleza!" alimwonya bibi yake.

Sufuria, karai, beseni, hata birika la chai, vyote vilitoka nje kukinga. Mimi nilichonga kijiti, nikakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakigongomea pale tundu lilipokuwa. Maji yalipokoma, nusu ya tangi ilikuwa imeshanyweshwa mipapai.

Mwenye hatia alikuwa kisahani cha raba ngumu, unene sentimita 2.5, uzito unaokaribia gramu 170. Wachezaji wa hoki ya barafu hukigandisha kabla ya mechi kisidundedunde, ndiyo maana kilishinda kwenye friji yetu ubavuni mwa maziwa.

Mama hakufoka. Alikalia ndoo akauliza hiyo barafu ya kuchezea watu wazima inapatikana wapi. Kijana akamweleza: iko hotelini Panari, Nairobi, kando ya barabara hii hii ya Mombasa inayopita hapa kwetu, tangu 2005. Hapo ndipo Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, walipojifunzia. Walikosa timu ya kucheza nayo, wakawa wanachezana wenyewe kwa wenyewe, hadi 2018 walipopelekwa Kanada, wakavaa vifaa vipya na kucheza bega kwa bega na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Uwanja wenyewe wa Panari ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Watu waliong'ang'ana hapo miaka yote hiyo bila ligi ya kushindania nawaheshimu kuliko mabingwa wengi.

Jumatatu nilinunua koki ya chuma. Mama alichagua mwenyewe mahali pa goli, nyuma ya zizi, mpigaji akilipa tangi mgongo. Nauli ya mazoezi ya Jumamosi aliitoa kwenye pesa zake za mayai.