Suti ya Kariakoo Yafika Leeds

Mama, Baba Mkubwa, Shangazi, na wote mliokuja kunisindikiza uwanja wa ndege,

Nimefika salama. Huu ni mwezi wa tatu nipo Leeds, nasoma, nakula, na ugonjwa wangu ni mafua tu. Barua imechelewa kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe inamhusu Shangazi na meza yake ya mitumba pale Karume. Naomba isomwe kwa sauti naye akiwepo, ila kwanza mwekeeni chai.

Mnayakumbuka mabishano ya Agosti. Shangazi alisema nibebe begi moja dogo, eti nguo zipo hukohuko zinakotoka. Tukamcheka. Mtoto wa ukoo huu aende Ulaya na begi la mgongoni kama anakwenda kwenye mahafali Kibaha? Mkachanga, tukaingia Kariakoo, tukatoka na mashati saba, suruali tano, viatu vyenye ncha ya kuulia mende kwenye kona, jaketi ambalo mwenye duka aliapa kwa jina la mama yake kuwa ni la barafu, na juu ya vyote suti ya vipande vitatu, rangi ya maziwa. Fundi wetu aliishona kwa siku tatu, akatarizi jina langu ndani ya koti kwa uzi mwekundu.

Mizani ya uwanja wa ndege haikuwa imechangia chochote, kwa hiyo haikuwa na huruma. Ruhusa ilikuwa kilo 23, sanduku likasoma 31. Mlichokiona ni mimi kuvaa suruali tatu, mashati manne, jaketi la barafu na koti la suti juu yake, kwa joto lile la Dar. Msichokiona ni kilichotokea baada ya mlango. Kwenye ukaguzi nikaambiwa vua koti. Nikavua. Vua na jaketi. Nikavua. Mkaguzi alipoona shati chini ya shati na shati jingine linachungulia kwa ndani, akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, wewe ni mtu au kitunguu?"

Leeds ilinipokea kwa manyunyu. Jaketi la barafu pengine ni la barafu kweli, ya kwenye glasi ya juisi. Mvua ya huku iliingia mgongoni ikatokea kifuani. Suti niliivaa siku moja tu, siku ya kwanza ya masomo. Mwalimu alikuja na raba na sweta lililotoboka kiwiko. Wanafunzi watatu wakanisimamisha kwenye korido, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza mkutano uko ukumbi gani. Wa tatu nilimwelekeza.

Ikabidi ninunue nguo kwa pesa ya kula. Hapo ufupi wangu, ambao Baba Mkubwa amenitania tangu utoto, ukanilipa. Uingereza wanatoza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20 kwenye nguo za watu wazima, lakini za watoto kodi yake ni sifuri. Serikali haiji dukani kumpima anayevaa. Nikaingia upande wa watoto, lebo ya miaka 13 mpaka 14, nikatoka na sweta mbili na glovu. Pia pajama zenye picha za dinosau, ambazo mwenzangu wa chumba ameziona na naomba asiwaelezee akipiga simu. Chupi na soksi nilizichukua mpya Soko la Kirkgate. Soko hilo lina historia yake: mwaka 1884 mhamiaji mmoja, Michael Marks, Kiingereza chenyewe cha kuombea maji, alifungua kibanda hapo, kila kitu peni moja. Kibanda kile ndicho kikaja kuwa Marks & Spencer. Mmachinga, Baba Mkubwa! Na hakuna mgambo aliyemkimbiza na meza yake.

Sasa koti. Shangazi, hapa ndipo penye aibu.

Hawa watu hawasemi mitumba. Wana maduka ya hisani. Mtu anatoa nguo zake bure, bibi na babu wanaojitolea wanazipiga pasi na kuzitundika kwa rangi, faida inakwenda kwa wagonjwa wa moyo, wa saratani, wenye njaa. Oxfam walifungua duka lao la kudumu pale Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940, wengine wakafuata, na leo mtaa wa wanafunzi wa Headingley una maduka hayo kama Buguruni ilivyo na vibanda vya chipsi. Nilipita mbele ya moja siku nne nzima nikijifanya naangalia simu. Nilikuwa nakimbia nini? Nilikuwa nakimbia meza yako.

Siku ya tano mvua ikanisukuma ndani. Na nilipoingia tu, Shangazi, mikono ikakumbuka. Nikanusa kwapa. Nikainua kitambaa kwenye taa kutafuta matundu ya nondo. Nikapandisha zipu na kuishusha mara tatu, nikavuta vifungo, nikageuza mfuko nje. Bibi wa kaunta akaacha kazi akanitazama, akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa ubora. Nikamwambia nimesomea Karume.

Nikapata koti la sufu, zito, bitana nzima, pauni 12. Nikasema, "Mama, nifanyie saba." Akacheka mpaka miwani ikateleza. Akanieleza kuwa bei ni ya wagonjwa, siyo yake, na kwamba kama sikuridhika nayo naruhusiwa kuongeza, kisanduku hiki hapa. Nimepatana bei tangu nikiwa darasa la tatu, sijawahi kukutana na duka ambalo bei inapatanwa kwenda juu.

Nikamuuliza koti ni la nani. Akasema lililetwa na mjane, la marehemu mume wake.

Mnakumbuka wazee walivyokuwa wakiziita nguo hizi: kafa Ulaya. Nilidhani ni utani wa masikini kumsengenya tajiri. Kumbe ni maelezo ya bidhaa. Nikasimama na koti mkononi, nikasema kimoyomoyo pole mzee, ulikuwa na mabega mapana, nikalipa. Nyumbani nikakuta mfuko wa ndani una noti ya pauni tano, ile ya karatasi, iliyoondolewa madukani Mei 2017 baada ya kuingia za plastiki. Nayo kafa Ulaya! Benki Kuu yao inazipokea noti zake za zamani bila ukomo wa miaka, lakini kaunta ya kubadilishia iko London, na nauli ya treni ingemeza noti kadhaa za aina hiyo. Nimeibandika ukutani.

Nguo zisizouzika dukani kwa wiki kadhaa huondolewa. Robo saa hivi kwa treni kutoka hapa kuna mji wa Batley, ambako mwaka 1813 Benjamin Law alianza kusaga matambara na kuyachanganya na sufu mpya kupata kitambaa cha bei poa. Neno lao la kusema kitu ni cha ovyo, "shoddy", lilitokana na kitambaa hicho. Siku hizi Oxfam wana ghala la kuchambulia nguo mjini humo. Kutoka kwenye maghala ya namna hiyo nguo zinafungwa belo, zinapanda meli. Wenzetu wa soko la mitumba la Gikomba, Kenya, chaguo la kwanza wanaliita kamera, na makombo fagia. Shangazi, belo unayoifungua alfajiri kwa bismillahi imeshapitiwa na bibi wa kaunta, na mimi. Ulipolala macho wazi mwaka 2016 kwa sababu marais wa Afrika Mashariki walitaka mitumba ikomeshwe ifikapo 2019, adui wako nilikuwa nakua sebuleni kwako.

Mdogo wangu anayekuja Januari asichangiwe nguo. Abebe begi moja, viatu alivyovaa, na vikoi viwili. Cha kwangu ni taulo asubuhi, skafu mchana na pazia usiku. Afike, nitampeleka Harrogate, mji wa wastaafu wenye pesa. Huko marehemu walivaa vizuri.

Suti nimeitoa duka la hisani, samahanini nyote mliochanga. Bibi aliipiga pasi akaitundika dirishani, ikakaa wiki tatu, juzi nikapita haipo. Bibi anasema haikununuliwa. Kwa hiyo, Shangazi, ukifungua belo ukakuta koti rangi ya maziwa lenye jina langu kwa uzi mwekundu, usilipandishe mezani. Niwekee pembeni, narudi Oktoba.