Mgeni na Nyongeza

Msimu wa korosho, mgeni wa Dar kashuka garini hapa Lisekese, Masasi, na kikapu kipya cha ukindu, anatafuta "vya shambani". Kachuchumaa mbele ya fungu la nyanya la 500.

"Bibi, hizi hazina dawa?"

"Dawa, mjukuu wangu? Hata salfa ya mikorosho ilichelewa."

Kafurahi. Kaomba mafungu matatu kwa 1,000, kapewa. Kaomba nyongeza, kapewa. Mabibo mekundu, ambayo maji yake yakigusa shati hayatoki, kayapiga picha tu. Korosho je? Ghafi zimeshapigwa mnada, nyingi zinapanda meli kwenda India na Vietnam. Asijali: za kukaanga atazikuta uwanja wa ndege, kikopo kidogo, bei imebandikwa. Pale haombi nyongeza. Anasema asante, tena kwa Kiingereza.