Anika, Anua

Jamaa zetu wa Mombasa hawaamini tukiwaambia kwamba Julai tunalala na chupa ya maji moto miguuni. Wameona kwenye ramani kwamba ikweta inapita Meru, kati ya Nkubu na mjini, na shuleni walifundishwa kwamba ikweta ni joto. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto wa watu hivyo hivyo, nikiwa nimevaa sweta mbili.

Lawama si ya ikweta, ni ya kusi. Upepo ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi kurudi Arabuni, ukifika huku bara hupanda miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na unyevu wa Bahari ya Hindi, ukapoa, ukawa mawingu, na mawingu yakaketi juu ya mabati yetu kuanzia Juni hadi Agosti iishe. Mlima wenyewe, mita 5,199, uko hapo nyuma ya nyumba. Mgeni akija kuuona tunamwelekeza kwa kidole pale ukungu unapozidi kuwa mzito, anapiga picha, anashukuru.

Tunaishi juu ya Nkubu, upande wa Kionyo, kahawa inapokwisha na chai inapoanza. Sisi ni walimu wastaafu. Serikali ilipopandisha umri wa kustaafu mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60, mke wangu alishangilia kuliko mtu yeyote tarafani. Nilidhani anashangilia mshahara. Baadaye, nilipokuwa nashinda nyumbani nikimuuliza kila saa sufuria fulani iko wapi, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akishangilia miaka mitano ya utulivu.

Yeye alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Mimi, hesabu za darasa la nane. Nyumba yenye walimu wawili inahitaji mwanafunzi, na watoto walishaenda Nairobi. Basi zamu hiyo imeniangukia. "Guka, miguu," ananiambia nikifika mlangoni, na hiyo ni sentensi kamili yenye maana ya kuvua gambuti, kuzigonga ukutani tope litoke, na kuziacha nje zikiwa zimepangwa, ya kushoto upande wa kushoto. Wajukuu ndio waliotuita Guka na Cucu. Wao wameondoka, majina yamebaki.

Tena yeye ni wa Embu, kule Runyenjes, nami ni Mmeru, kwa hivyo hata redio ni suala la mipaka. Nikiamka kwanza, nyumba inasikiliza Muuga FM. Akiamka kwanza, ni Wimwaro FM, japo kwetu inafika kwa mikwaruzo. Anasema afadhali mikwaruzo ya nyumbani. Huwa haamki wa pili.

Lakini mambo hayo yote ni ya mwaka mzima. Yanayotutoa jasho, kama bado tunalo, ni ya msimu wa baridi, na kubwa lao ni mahindi.

Mahindi ya masika tunayavuna Agosti, wakati ambao mtu mwenye akili hangechagua. Na mke wangu hana mzaha na mahindi mabichi. Anakumbuka mwaka 2004, sumukuvu ilipoua zaidi ya watu 100 upande wa Makueni na Kitui, na tangu hapo punje haiingii ghalani mwake hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Sasa, unyevu utashukaje mahali ambapo hata kiberiti hukaushwa kifuani?

Tunalivizia jua. Turubai liko kibarazani, magunia yako mlangoni, nasi tumeketi na vikombe vya chai tukitazama juu. Kwenye saa tano hivi, mwanga unatoboa.

"Guka, jua!"

Tunatoka mbio, watu wawili wenye magoti manne ambayo mawili tu ndiyo mazima. Turubai linatandikwa, magunia yanamwagwa, mimi nasambaza kwa reki na yeye anasambaza upya nilipokwisha kusambaza. Kuku wa jirani, wenye mtandao wao wa habari, wameshafika. Punje hazijapata hata joto la kiganja, nahisi tone kwenye upara. Huwa nanyamaza, kwa matumaini kwamba ni ndege.

"Guka, mvua!"

Kuanika ni rahisi. Kuanua ndiko kunakotenganisha wanandoa. Turubai lenye magunia mawili ya mahindi juu yake ni kazi ya vijana wanne. Sisi tunashika pembe mbili mbili. Yeye anavuta kuelekea sebuleni kwa kuwa ndiko karibu, mimi navuta kuelekea ghalani kwa kuwa ndiko yanakokaa, na mahindi, yakiwa katikati, yanachagua njia ya tatu. Tunaokota punje kwenye nyasi chini ya manyunyu, kimya, kila mmoja akiwa na hakika ni nani aliyevuta vibaya. Tukishamaliza na kufunga mlango, jua linatoka.

Jinsi ya kujua kama yamekauka ni sayansi yake. Alifundishwa na afisa wa kilimo: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa vizuri, ngoja kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Njia nzuri, na haina gharama. Shida ni hiyo chumvi kavu. Jikoni mwetu Agosti chumvi haimwagwi, inachongwa kwa kisu. Basi aliikaanga kwanza. Chupa akaiweka kando ya moto. Akapima mahindi yetu, chumvi ikanata. Akapima ya dukani Nkubu, makavu hadi yanalia kama changarawe, ikanata vilevile. Nikamweleza, kama mtu wa hesabu, kwamba jaribio lenye jibu moja si jaribio. Akanipa chupa na kuniambia niendelee kutikisa.

Watoto wetu wana huruma. Februari walituletea hita ya jua. Februari, angalieni! Mwezi ambao anga ni buluu, kilele cha Batian kinaonekana hadi nyufa zake, na mtu anaweza kukaangia yai kwenye bati. Fundi akapanda juu, akafunga, akafungua bomba, na maji yakatoka ya moto hadi kifungua mimba wetu akaruka. Picha zikapigwa. Cucu akapewa hotuba kwamba sasa wakati wa kubeba kuni umekwisha. Wakarudi Nairobi.

Juni ikafika. Maji yaliyotoka bombani asubuhi ile ninaamini yalishuka kutoka kwenye barafu ya mlimani bila kusimama popote. Nilimpigia fundi. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, hiyo kitu inataka jua." Kuna swichi ya stima ya kusaidia siku za mawingu, akaongeza. Mke wangu alipoona tokeni zilivyoyeyuka siku moja tu, aliibandika swichi hiyo utepe na kuandika juu yake, kwa mwandiko wake wa darasa la kwanza, USIGUSE. Kwa hivyo kila jioni nachemsha maji kwa kuni za mikima, namimina kwenye ndoo, nabeba ndoo hadi bafuni, napita chini ya hita.

Alichokipenda kwenye zawadi hiyo ni boksi. Mke wangu hajawahi kutupa boksi, na hili lilikuwa refu, gumu, limewekewa povu ndani pande zote. Siku ya pili vifaranga walikuwa wamehamia humo. Baridi ilipozidi, ile chupa ya maji moto nayo ikahamia kwa vifaranga. Nilipouliza kuhusu miguu yangu, nilielezwa kwamba mimi nina soksi.

Nguo ni habari nyingine. Hazikauki. Zikikaa siku tatu kambani huwa na maji mengi kuliko zilipoanikwa. Njia pekee ni kuzitundika jikoni, juu ya mafiga, ambako zinakauka vizuri na kuiva. Sisi wenyewe hatuisikii harufu; tumeizoea. Lakini Agosti tulialikwa Runyenjes, mpwa wa mke wangu alikuwa anatolewa mahari, nami nikatoa suti ya kustaafia. Mgongoni ilikuwa imeota kuvu la kijani, zuri kwa rangi yake. Tukaisugua kwa siki, tukaitundika juu ya moto usiku kucha pamoja na gauni lake, asubuhi tukapanda matatu.

Barabara hiyo inateremka Igoji, inapita Chuka, na kila kilomita hewa inazidi kuwa ya moto. Kadiri ilivyozidi, ndivyo suti ilivyoanza kuzungumza. Karibu na Chuka kijana wa kiti cha nyuma aliuliza kwa sauti ni nani amebeba nyama choma, na kwa nini hagawi. Abiria wakaanza kutazamana. Mke wangu akafungua dirisha, akanitazama hivi, kana kwamba gauni lake lilikaushwa nchi nyingine.

Kule walikuwa wamevaa mikono mifupi. Mzee wa ukoo alinikumbatia, akanusa, akanikumbatia tena. "Hawa wa Meru wanaheshimu watu," akawaambia wenzake. "Wameanza kuchoma tangu usiku." Hakuna aliyemsahihisha. Tulitengewa viti karibu na jiko la nyama, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nilihisi vidole vyangu vyote.

Chai nayo wakati huu huzubaa. Baridi inazuia chipukizi, unachuma kutwa kikapu ambacho Machi ungekijaza kabla ya kifungua kinywa, na kila deni kijijini hujibiwa kwa maneno mawili: ikija bonasi. Oktoba bonasi huja, na vuli nayo, ambayo kwetu upande huu hunyesha kuliko masika. Hayo tutayaona huko huko. Ng'ombe simtaji, hajambo, ila ameniangusha topeni mara nyingi na ana macho ya mtu anayekusudia.

Juzi kifungua mimba alipiga simu. Mama yake akaweka sauti ya juu ili niwe shahidi.

"Mama, ile hita mnaifurahia?"

Nilimtazama. Hajawahi kumwambia mtoto uongo, hata wale wa darasa la kwanza waliomuuliza kama meno hurudi.

"Sana, mwanangu," akasema. "Kwa baridi hii yote, hakuna hata mmoja aliyekufa."

Kimya upande wa Nairobi.

"Lakini wamekua, wanabanana," akaendelea. "Ukipata pesa utununulie nyingine. Kubwa kuliko hii."