Sifa za Pikapu Inayogonga

Magari mapya hayana adabu. Ukiingiza gia yanaondoka kimyakimya kama wezi. Pikapu yangu ya mwaka 1994 imelelewa: haiendi popote kabla ya kubisha hodi. Ukiachia klachi, ngo! Ukitoa mguu kwenye mafuta, ngo! Ukiingiza rivasi, ngo! mbili, maana kurudi nyuma si jambo la kuamua harakaharaka.

Nyumbani wanafungua geti kabla sijapiga honi. Mbuzi wa jirani wananipisha. Halafu huo unyenyekevu: kishindo kitapiga njia nzima, tukifika tu mbele ya fundi kinanyamaza, hakitaki makuu. Lakini hizo ni sifa ndogo. Sifa yake kubwa ni ukarimu.

Fundi wa kwanza alikisikiliza amesimama, mikono mfukoni, akasema: "Bosi, hiyo mauntingi ya injini." Zikabadilishwa. Siku hiyo muuza spea wa Kariakoo alifunga duka anacheka, vijana wa gereji walikula wali nyama badala ya wali maharage, mama ntilie akamaliza sufuria mapema, na bodaboda aliyetumwa kufuata bolti zilizosahaulika akajaza tangi. Nikawasha gari, ngo! Kishindo chenye moyo wa kutoa hakitoi mara moja kikaishia hapo. Kilirudi kutoa klachi, kikarudi tena kutoa bushi za springi. Fundi anajenga, nyumba imefika kwenye lenta, nami nikipita naweza kuonyesha tofali zipi ni klachi na zipi ni bushi. Ipo miradi ya kuinua vijana, yenye ofisi na semina na fulana, ambayo haijainua watu wengi kiasi hiki.

Nasaba kinayo pia kishindo hiki. Kiungo kinamokaa, krosi ya propela, Ulaya kinaitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16. Ni msalaba mdogo wa chuma, kila ncha imevishwa kikombe chenye beringi za sindano, na uhai wa sindano hizo ni grisi. Grisi ikikauka zinalika, unga mwekundu wa kutu unatoka pembeni mwa kikombe, panabaki nafasi. Injini ikianza kusukuma, chuma kinaivuka ile nafasi na kumgonga mwenzake. Mlio unapita kwenye chesisi, wewe dereva unadhani uko chini ya kiti chako.

Ndiyo maana kishindo hiki hakitafutwi kwa sikio. Gari liwe mahali tambarare, matairi yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, gia itolewe, hendibreki iachiwe. Unaingia chini, unashika upande huu wa krosi kwa mkono mmoja na upande wa pili kwa mwingine, unazungusha kinyume. Krosi iliyokwisha inakuonyesha hapo hapo: upande mmoja unacheza, mwingine umetulia. Na kama mlio unafuata mwendo, sikiliza kasi yake. Kwa difu ya uwiano wa 4.1, propela inazunguka mara nne na kidogo kila tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo kinachogonga upesi kuliko tairi kiko upande wa propela, si kwenye ekseli za matairi.

Mikono miwili na boksi la kulalia! Jamani, boksi! Hakuna aliyelala chini. Wanasimama, wanataja spea, mimi natoa hela. Wakikosea kosa ni langu kulipia, na ufundi juu yake. Aliyekubali mwishowe kuingia chini akabadilisha krosi, kisha akarudisha propela bila kuitia alama. Krosi ikifanya kazi kwa pembe haizungushi kwa kasi moja: inaharakisha na kupunguza, mara mbili kila mzunguko, na krosi ya ncha ya pili ya propela ndiyo inayofuta kasoro ya ile ya kwanza, mradi masikio ya propela yamepangwa sambamba. Mapigo mawili ya patasi kabla ya kufungua yangetosha kuweka alama. Sasa pikapu haigongi, inatetemeka. Nikamrudia. Akaitazama, amesimama, akashauri tuanze na matairi.

Samahani, nilikuwa nasifu. Nilisema ukarimu, na huo haukuishia kwa binadamu, umefika hadi kwa magari mengine. Mauntingi zilizotolewa zilikuwa nzima. Klachi nayo ilikuwa na maisha. Nilipoulizia nikajibiwa vimetupwa. Gereji ile nimeizunguka yote, haina pipa la taka. Ina kabati la spea za mtumba, na lina kufuli.